Ukuta Uvishwe Kanzu au Sweta?

Ghorofa ninaloishi, Upanga, Dar es Salaam, lina ukuta mmoja ambao mimi na wenye vyumba vya upande huo tumeshauzoea kama jirani mkorofi. Ni ukuta wa magharibi. Kuanzia saa nane mchana jua linaupiga mpaka lizame. Saa nne usiku, watu wanapotandika, ukiuweka mkono kwa ndani utadhani nyuma yake kuna tanuri la mikate. Ni tofali za inchi sita zilizopigwa lipu pande zote mbili. Mchana zinameza joto polepole, na usiku zinalitema polepole vilevile, moja kwa moja kwenye godoro langu.

Mwenye jengo, ambaye wapangaji wote tunamwita Mama, ameamua kulikarabati. Mtoto wa kaka yake amerudi kutoka Ujerumani na shahada ya uhandisi wa majengo, na amekuja na wazo. Basi Jumamosi moja baada ya alasiri tukakaa barazani: Mama, huyo kijana, fundi mzee aliyelisimamisha jengo hili tangu msingi, na jirani yetu mstaafu wa zimamoto ambaye mtaa mzima unamwita Afande. Nami niliitwa, kwa sababu mimi ndiye mpangaji anayelalamika kuliko wote. Nimeandika yaliyosemwa kwa kadiri nilivyoyakumbuka, na pale niliposhindwa kunyamaza nimejiingiza.

MAMA: Haya, baba, waeleze. Kwa maneno ya watu, si ya chuoni.

MHANDISI: Sawa, Shangazi. Ukuta uliopo haubomolewi. Tunaufungia mabano ya chuma, juu ya mabano tunapitisha reli, na kwenye reli tunaning'iniza paneli. Paneli hazigusi ukuta. Katikati tunaacha uwazi, na uwazi huo uko wazi chini na juu. Jua linapiga paneli badala ya kupiga ukuta. Hewa ya katikati inapata joto, inakuwa nyepesi, inapanda na kutokea juu, na nyingine inaingia kwa chini. Mvua nayo ikipenya kwenye maungio ya paneli inateremka nyuma yake na kutoka chini, haiufikii ukuta. Kiwango cha Wajerumani kinataka uwazi usipungue milimita 20, na matundu ya hewa ya chini na ya juu yawe na angalau sentimita 50 za mraba kwa kila mita moja ya urefu wa ukuta. Kisha, ndani ya uwazi, kwenye ukuta wenyewe, tunabandika sufi ya mawe. Ni mwamba unaoyeyushwa na kuvutwa nyuzi kama pamba. Hiyo ndiyo inayozuia joto.

FUNDI: Kanzu.

MHANDISI: Samahani, mzee?

FUNDI: Hiyo unayoieleza ni kanzu, mwanangu. Haibani mwili, iko wazi chini, upepo unaingilia kwenye pindo na kutokea shingoni. Hapo nakuelewa na nakuunga mkono. Lakini hiyo sufi yako ni sweta. Sasa mtu umemvisha kanzu, Dar es Salaam, mwezi wa pili, halafu ndani yake unamvisha na sweta?

Tulicheka, na nilidhani kijana amekwisha. Hakukwisha.

MHANDISI: Mzee, friji ya nyumbani kwako imevaa sweta. Chupa ya chai imevaa sweta. Moja inatunza baridi, nyingine inatunza moto, na sweta ni lile lile. Lenyewe halileti joto, linalizuia lisihame. Ukuta wa tofali la inchi sita pamoja na lipu unapitisha joto kwa wingi. Ukiuwekea sufi ya milimita 50 tu, joto linalopita linashuka hadi moja ya tano ya lile la mwanzo. Mabano yanayotoboa sufi yatapunguza faida kidogo, tuseme joto linalopita linabaki robo. Bado robo si haba.

FUNDI: Friji ina mlango, na mlango unafungwa. Hili jengo madirisha yako wazi kuanzia alfajiri mpaka usiku. Unataka kuzuia joto lisipite ukutani wakati linapita dirishani limevaa viatu?

Hapa ilinibidi nikiri jambo la aibu. Ninacho kiyoyozi, lakini dirisha langu ni la vioo vya vipande, vile vinavyofunguka kama magamba ya samaki, na viwili havifungiki tangu nihamie. Kwa miaka minne nimekuwa nikinunua umeme wa LUKU ili kuipoza Upanga nzima.

MHANDISI: Basi hapo mzee ana haki, na sitabisha. Madirisha yakiwa wazi, hewa ya ndani ni ile ile ya nje. Sufi haina cha kulinda. Kinachomtesa mpangaji wetu si hewa, ni ukuta wenyewe unaomrushia joto kama jiko lililozimwa lakini bado lina makaa. Dawa yake ni ukuta usipigwe na jua kabisa, yaani kivuli na uwazi. Sufi ina faida kwenye chumba kinachofungwa na kupozwa, kama ofisi, chumba cha seva au hoteli.

FUNDI: Umesema vizuri.

MHANDISI: Na kuna jingine ambalo Ujerumani ni la kinyume na hapa. Kule wakati wa baridi, unyevu unatoka ndani ya nyumba kwenda nje. Hapa pwani, ukiwasha kiyoyozi, unyevu unatoka nje kuja ndani. Hewa ya nyuzijoto 30 yenye unyevu wa asilimia 75 inaanza kudondosha maji ikikutana na kitu chenye nyuzi 25. Ukipoza chumba hadi 20 na ukapaka ukutani rangi ya plastiki isiyopumua, maji yatajikusanya nyuma yake. Mtaona rangi imevimba malengelenge na kuvu zimeota, na mtamlaumu fundi.

FUNDI: Tumeshalaumiwa sana kwa hayo.

Nafikiri mjadala ungeweza kuishia hapo kama ungekuwa wa hali ya hewa peke yake. Lakini wazo hili la kuacha uwazi nyuma ya paneli lilitoka mbali. Wanorwe kwa muda mrefu walipigilia mbao nje ya ghala zao za mashambani na kuacha nafasi nyuma yake, mvua ikijipenyeza ikauke kwa upepo. Mwaka 1962 mtafiti wao, Øivind Birkeland, aliandika kuhusu kanuni hiyo, na mwaka uliofuata Mkanada G. K. Garden akaeleza jinsi ya kuizuia mvua isipenye kuta. Wote walikuwa wakipigana na maji. Jua halikuwa adui yao. Ndiyo maana mfumo ukiletwa huku mzima mzima, bila kuuliza uliundwa kwa ajili ya nini, unafika na sweta lake.

Nasi kanzu ya majengo tulikuwa nayo. Nendeni mkaitazame hospitali ya Ocean Road, waliyoijenga Wajerumani hao hao mwaka 1897. Wakati huo hakukuwa na kiyoyozi cha kukimbilia, kwa hiyo walizungusha vibaraza vipana ili jua lisiufikie ukuta wa vyumba. Kibaraza ni uwazi wa mita mbili badala ya sentimita nne. Kinachotushinda leo ni kwamba ardhi ya Upanga ni ghali, na hakuna mwenye jengo atakayetoa mita mbili kuzunguka nyumba bila kuzipangisha.

MAMA: Mmenichosha na sufi. Mimi nataka jengo ling'ae. Pale mbele wameweka Alucobond na kodi imepanda. Na wapangaji wanaulizia.

Msomaji wa Dar au wa Nairobi anajua anachokisema. Alucobond ni jina la bidhaa ya kampuni moja, lakini mafundi wanaita hivyo kila paneli ya aluminiamu yenye ngozi mbili, hata iliyotoka kiwandani wasikokujua. Ngozi hizo ni nyembamba, aghalabu nusu milimita kila moja. Katikati yake kuna ujazo wa milimita tatu. Na ujazo huo ndio uliomfanya Afande, aliyekuwa kimya muda wote akizungusha kikombe cha kahawa, akiweke chini.

AFANDE: Mama, kwa heshima yako, hiyo ya katikati ni nini?

MAMA: Katikati ya nini?

AFANDE: Ya paneli. Ngozi mbili za aluminiamu nimezisikia. Katikati wameweka nini?

MAMA: Kwa kweli sijauliza. Muuzaji alisema ni kitu kigumu, hakishiki kutu.

AFANDE: Usiku wa tarehe 14 Juni 2017, London, kulikuwa na jengo linaitwa Grenfell Tower, la ghorofa 24. Lilimalizika kujengwa mwaka 1974. Wakalikarabati, kazi ikaisha 2016. Sababu zao zilikuwa kama zako: nyumba zitunze joto na jengo lipendeze. Wakaweka povu gumu la plastiki ukutani, wakaacha uwazi, wakaning'iniza paneli za aluminiamu zenye plastiki katikati. Moto ulianzia jikoni ghorofa ya nne, kwenye friji. Simu ya kwanza ilipigwa saa sita na dakika 54 usiku. Ulitokea kwenye ukingo wa dirisha, ukaingia kwenye paneli. Ilipokaribia saa saba na nusu ulikuwa umefika juu kabisa. Ngazi ilikuwa moja tu. Wakazi waliambiwa wabaki ndani, kwa sababu jengo la zege halitegemewi kuungua kwa nje. Walikufa watu 72.

Hakuna aliyesema kitu. Kwa mbali muadhini wa magharibi alikuwa akijaribu kipaza sauti.

AFANDE: Paneli za awali zilikusudiwa kuwa za zinki. Wakabadili wakachukua hizi, wakaokoa karibu pauni 300,000. Jaji mstaafu Martin Moore-Bick, aliyeongoza uchunguzi, alipotoa ripoti ya mwisho Septemba 2024 alisema vifo vyote vile vingeweza kuepukwa. Na msidhani ni London tu. Dubai kuna jengo linaitwa Torch Tower, liliwaka Februari 2015, likawaka tena Agosti 2017. Milano, Agosti 2021. Valencia, Februari 2024, watu 10. Kila mahali ni hadithi hiyo hiyo ya vazi la nje.

MHANDISI: Afande, shikamoo yangu iko palepale, lakini usiihukumu hewa. Kilichoungua Grenfell ni plastiki. Ukiweka sufi ya mawe na ubao wa saruji, au aluminiamu yenye ujazo wa madini, uwazi unakuwa bomba la moshi lisilo na kuni.

AFANDE: Lakini ni bomba. Mwali ukiingia mahali pembamba hausimami, unarefuka kutafuta hewa. Ukitoka dirishani kwa mpangaji wa pili, utamkuta wa nne bila kukanyaga ngazi. Na mabomba yenu mnayatengeneza makusudi yavute hewa vizuri. Kinachompoza mpangaji mchana ndicho kitakachomuunguza usiku. Hilo mtanijibu vipi?

Hili ndilo swali lililonifanya niandike makala haya. Matangazo ya paneli niliyoyaona yanasifu upitaji wa hewa, na maonyo ya zimamoto yanataka uwazi uzibwe, na aliye katikati ni mtu anayelala. Kijana alijibu vizuri, ila kwa sauti ya chini kuliko mwanzo.

MHANDISI: Yapo majibu. Uwazi unakatwa kwa vizuizi vya mlalo. Ujerumani wanataka kizuizi kila baada ya ghorofa mbili. Kuna mikanda ambayo siku zote inaacha nafasi hewa ipite, lakini ikipata moto inavimba na kuziba. Na kuzunguka kila dirisha inawekwa fremu ya chuma, ili moto wa chumbani usipate mlango wa kuingilia.

AFANDE: Na nani atakagua kwamba ile mikanda imewekwa, na haikuwekwa kichwachini? Paneli zikishafungwa hakuna anayeona ndani.

FUNDI: Tusidanganyane. Kitu kisichoonekana, mwisho wa mwezi fundi akiwa hajalipwa, hakiwekwi.

Nampenda yule mzee kwa sentensi hiyo. Hakuna mhandisi angeithubutu.

MAMA: Uingereza si walipiga marufuku?

AFANDE: Desemba 2018, kwa nyumba za kuishi zenye kimo cha zaidi ya mita 18, vifaa vinavyoungua havitakiwi kwenye kuta za nje.

MAMA: Langu halifiki mita 18.

AFANDE: Ghorofa ya tano kuna bibi anatembelea mkongojo, na ngazi yako ni moja kama ya Grenfell. Kwake mita 16 na mita 60 ni zile zile.

Fundi alinyanyuka bila kuaga. Tulidhani amekwenda msikitini. Alirudi na kipande cha paneli chenye ukubwa wa daftari, alichokiokota kwenye jengo la mbele, na kiberiti. Akakishika kwa koleo, akauelekezea moto ukingo uliokatwa, pale ambapo ujazo unaonekana. Haikuchukua muda. Ulishika, ukaanza kudondosha matone yanayowaka, na kila tone lilipogusa sakafu liliendelea kuwaka. Mama akavuta miguu.

MHANDISI: Hicho si kipimo, mzee. Kipimo halali ni cha ukuta mzima, na mabano yake na uwazi wake. Kipande kikikataa kuwaka kwa kiberiti haimaanishi ukuta uko salama.

FUNDI: Sikusema ni kipimo. Nimemjibu Mama swali la katikati kuna nini.

Jua lilikuwa limeshuka na ukuta wa magharibi umeshiba. Nilitegemea tuagane, lakini Fundi alikuwa na la kwake, na kwa maoni yangu lilikuwa zito kuliko ya wote, ingawa halina moto wala London.

FUNDI: Mnaongea habari ya kuvaa. Hamjaniuliza kama mwili wenyewe unaweza kubeba nguo. Hayo mabano mtayafunga wapi?

MHANDISI: Ukutani, kwa skrubu za kutanuka.

FUNDI: Ukuta upi? Nguzo na mikanda nilimwaga mimi, ni zege, naiamini. Lakini tofali? Unajua wakati ule mfuko mmoja wa saruji ulikuwa unafyatuliwa tofali ngapi? Sisemi mbele ya mwenye jengo. Mengine ukiyachoma kwa msumari yanatoa unga. Ukifunga bano hapo, siku upepo wa kusi ukivuma kweli kweli utang'oa paneli pamoja na tofali lake.

MAMA: Fundi!

FUNDI: Mama, nimekuficha miaka mingi, acha niseme.

MHANDISI: Ana haki tena. Upepo hausukumi tu, upande mwingine wa jengo unavuta, na mvuto ndio unaong'oa. Hatutafunga kwenye tofali hata moja. Reli ndefu, kutoka mkanda wa ghorofa hadi mkanda wa ghorofa, na kila skrubu ya majaribio ivutwe kwa kifaa kabla ya kazi kuanza. Uzito pia tuuchague. Ubao wa saruji wa milimita 8 una kama kilo 15 kwa mita ya mraba. Vipande vya granaiti vya milimita 30 vina kama 80. Granaiti sahau, Shangazi.

MAMA: Nilikuwa nimeipenda.

FUNDI: Na chumvi. Bahari iko hapo. Bano la chuma cha kawaida litaliwa. Chuma na aluminiamu vikigusana kwenye unyevu wa chumvi, aluminiamu ndiyo inayoliwa. Ama chuma kisichoshika kutu, ama aluminiamu tupu, na vya aina mbili vitenganishwe kwa mpira.

Wakati huo kijana alikuwa anaandika kwenye simu maneno ya yule mzee. Sikumuuliza, ila niliona.

MAMA: Kwa hiyo nizungushie pande zote nne au nisizungushie?

MHANDISI: Tulipo sisi, nyuzi saba kasoro kusini mwa ikweta, jua la adhuhuri liko juu angani mwaka mzima. Ukuta wa kaskazini na wa kusini unatoshwa na ukingo wa zege wa kutoa kivuli juu ya dirisha. Jua la asubuhi na la jioni liko chini, linapita chini ya ukingo wowote. Kwa hiyo mashariki na magharibi ndiko penye kazi. Kukiwa na fedha za upande mmoja tu, ni magharibi, maana jua la huko linakuta ukuta na hewa vimeshapata joto la kutwa nzima.

FUNDI: Mnavaa kanzu kichwa wazi. Ghorofa ya tano paa lake ni zege tupu, sawa na kikaango. Jua linalolipiga hilo kwa siku hakuna ukuta unaolipata. Leteni mabati meupe, muyanyanyue futi moja juu ya zege, mwache pembeni pawe wazi. Sina shahada, lakini bibi wa ghorofa ya tano atakuja kunishukuru.

MHANDISI: Ni kanuni ile ile. Na ni rahisi kuliko ukuta.

AFANDE: Na chini ya mabati hayo asiweke mtu magodoro wala mapipa ya rangi. Siku mkikaribia kumaliza niiteni kabla hamjafunga paneli ya mwisho, nipande nikatazame ile mikanda kwa macho yangu. Sina cheo tena, lakini macho ninayo. Na namba ya zimamoto, 114, iandikwe pale ngazini kwa herufi kubwa.

Adhana ikaita na kila mtu akaondoka na njia yake. Msimamo wangu mimi mpangaji sitauficha: kijana ana haki kuhusu uwazi, Fundi ana haki kuhusu sweta, na Afande ndiye anayepaswa kusikilizwa kwanza, kwa sababu onyo lake likipuuzwa, kosa hilo halina ukarabati. Mama ndiye anayelipia na ndiye aliyeamua. Bei ya kwanza ya muuzaji imerudishwa, na juu yake ameandika kwa mkono wake, kwa kalamu nyekundu: "Katikati kuna nini? Jibu kwa maandishi." Jibu halijaja. Ukuta wa magharibi utavikwa mbao za saruji nyeupe, zikifungwa kwenye zege tupu, bila sufi. Mashariki itasubiri mwaka mwingine. Vioo vyangu viwili vya dirisha vimebadilishwa jana. Kazi ya paa inaanza masika yakikatika.